Pennsylvania: Jina la Mshtakiwa Liko Mtandaoni, Maneno ya Hakimu Hayapo

Ukiwa Goma, Mwanza au Muscat, huhitaji ruhusa ya mtu kujua kama fulani anayeishi Pennsylvania, Marekani, amewahi kushtakiwa. Unafungua tovuti ya mahakama za jimbo hilo, unaandika jina lake, na muda si mrefu inatokea karatasi yenye tarehe yake ya kuzaliwa, mji anakokaa, makosa aliyoshtakiwa nayo, kiasi cha dhamana, jina la jaji, jina la wakili na jinsi shauri lilivyokwisha. Hulipi chochote, wala huulizwi unaitaka karatasi hiyo kwa kazi gani.

Sasa tafuta kitu kingine katika mfumo huohuo. Hakimu aliyempangia mtu huyo dhamana alitoa sababu gani? Alimwuliza kama ana kazi, kama ana watoto, kama anaweza kulipa? Alimpa nafasi ya kujieleza? Hapo tovuti haikusaidii. Mara nyingi hata ukisafiri hadi kwenye jengo la mahakama ukasimama mbele ya karani, hakuna cha kukupa, kwa kuwa maneno hayo hayakuandikwa na mtu yeyote.

Mjadala wa kumbukumbu za mahakama huko Marekani una kambi mbili. Kambi moja inasema mahakama ni mali ya umma na kila kilichomo kionekane. Nyingine inasema binadamu ana haki ya kuachwa aendelee na maisha yake, hasa kama kesi yake ilifutwa. Zote zina hoja nzito na nitajaribu kuzitendea haki. Lakini naona zinabishana kuhusu kiasi cha uwazi, huku swali la nani hasa anayetazamwa kupitia uwazi huo likiachwa pembeni. Pennsylvania ni mahali pazuri pa kulipima swali hilo, maana imepata kuumizwa na giza na pia na mwanga.

Kwanza tuuelewe mfumo wenyewe. Marekani ina mahakama za shirikisho, na kila jimbo kati ya majimbo 50 lina mahakama zake lenyewe. Kesi unazozisikia kwenye redio, za marais na makampuni makubwa, nyingi ni za shirikisho. Lakini wizi, ulevi barabarani, talaka, mirathi, madeni, ugomvi wa nyumba, karibu yote hayo huishia mahakama za jimbo. Mtu wa kawaida akiitwa mahakamani, anaitwa huko.

Pennsylvania ina kaunti 67. Ngazi ya chini kabisa ni mahakimu wa wilaya, mamia kwa idadi, wanaochaguliwa kwa kura kwa vipindi vya miaka 6. Si lazima wawe wanasheria. Asiye mwanasheria husoma kozi maalumu na kufanya mtihani. Hao ndio husikiliza madai yasiyozidi dola 12,000, kesi za mwenye nyumba kutaka kumtoa mpangaji, makosa madogo, na hatua za mwanzo za kesi za jinai. Jiji la Philadelphia lina utaratibu wake, likiwa na mahakama ya manispaa. Juu yao iko mahakama ya kaunti, inayobeba jina la kale la Kiingereza, Common Pleas, ambako kesi kubwa huanzia na baraza la wazee wa mahakama hukaa, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kama mtu ana hatia. Rufaa zimegawanywa katika mahakama mbili: moja iliyoanzishwa 1895 kwa mashauri ya kawaida ya jinai na madai, na nyingine iliyoanzishwa 1968, inayoshughulikia zaidi mashauri yanayoihusu serikali na vyombo vyake. Kileleni iko Mahakama Kuu ya jimbo yenye majaji 7, nao pia huchaguliwa na wananchi, miaka 10 kila kipindi, na hustaafu kwa lazima wakifika miaka 75.

Hilo la uchaguzi lina uzito katika mada hii. Mahali ambapo jaji huteuliwa na rais au na tume, mwananchi anaweza kusema kazi ya kumkagua ni ya wengine. Pennsylvania imeiweka kazi hiyo mikononi mwa mpiga kura, na mpiga kura huyo anahitaji kujua jaji amefanya nini kizimbani, siyo tu kuiona picha yake kwenye bango la kampeni.

Jimbo lenyewe lilizaliwa na kovu la mahakama. Mwanzilishi wake, William Penn, alishtakiwa London mwaka 1670 kwa kuhubiri barabarani pamoja na waumini wenzake. Wazee wa mahakama walikataa kumtia hatiani, wakafungiwa bila chakula ili wabadili uamuzi, na hawakubadili. Miaka 12 baadaye, sheria za mwanzo za koloni lake zilitamka kwamba mahakama zote zitakuwa wazi, na kwamba haki haitauzwa, haitanyimwa wala kucheleweshwa. Neno hilo la mahakama kuwa wazi limo katika katiba ya Pennsylvania hadi leo, ibara ya 1, kifungu cha 11.

Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ilijenga msingi juu ya fikra hiyo. Mwaka 1978, katika shauri lililohusu kanda za sauti za Rais Nixon, ilitambua kwamba umma una haki ya tangu zamani ya kukagua na kunakili kumbukumbu za mahakama, lakini haki hiyo si bila mipaka. Mwaka 1980, baada ya jaji mmoja wa Virginia kuwatoa wananchi na waandishi wa habari katika kesi ya mauaji, ilisema umma una haki ya kikatiba kuhudhuria kesi za jinai. Kisha 1989 ikatoa uamuzi ambao naona ndiyo ufunguo wa ugomvi wa leo. Waandishi walitaka wapewe na idara ya upelelezi historia ya jinai ya mtu fulani, kwa hoja kwamba kila kipande cha historia hiyo kilikuwa tayari wazi katika mahakama mbalimbali. Mahakama ikakataa. Ilisema vipande vilivyotapakaa katika makabati ya kaunti nyingi si sawa na jalada moja lililokusanywa kwa kompyuta. Taabu ya kuvitafuta ilikuwa kinga ya faragha, ingawa hakuna sheria iliyoiandika.

Kinga hiyo ilikufa pale mahakama zenyewe zilipoweka majina kwenye intaneti. Hakuna bunge lililokaa na kuamua kuiondoa.

Watu wengi, wakiwemo Wamarekani wenyewe, hudhani kwamba sheria ya haki ya kupata habari ndiyo inayofungua majalada ya kesi. Sheria ya Pennsylvania ya 2008 inazibana ofisi za serikali, lakini kwa mahakama inafungua kumbukumbu za fedha tu: mikataba, malipo, matumizi. Majalada ya kesi yanaongozwa na kanuni za mahakama zenyewe. Kanuni zilizoanza kutumika Januari 2018 zinataka mambo kama namba ya hifadhi ya jamii, namba za akaunti za benki na majina ya watoto yasiwekwe kwenye nyaraka zinazoonekana na wote. Zinatofautisha pia kati ya kinachopatikana kwa mbali na kinachopatikana ukifika mwenyewe. Karatasi ya mwenendo, ile yenye jina na mashtaka, unaisoma ukiwa popote duniani. Nakala kamili ya maneno yaliyosemwa kizimbani haiwekwi mtandaoni. Unaiomba na kuilipia kwa ukurasa. Kwa hiyo mtu wa kukagua jina la mwombaji kazi anahudumiwa haraka na bure, na mtu wa kumkagua jaji anatakiwa awe na muda na fedha.

Madhara ya mwanga kwanza. Kaunti ya Bucks, kaskazini mwa Philadelphia, iliweka mtandaoni zana ya kutafuta kila mtu aliyewahi kushikiliwa katika gereza lake tangu 1938. Ndani yake alikuwemo mtu aliyekamatwa 1998 na ambaye kumbukumbu yake ilikwisha kufutwa kwa amri ya jaji mwaka 2000. Picha yake ya kukamatwa ilikuwa pale, ikionekana na dunia nzima. Alishtaki kwa niaba ya wenzake, na Mei 2019 baraza la wazee wa mahakama ya shirikisho liliona kaunti ilivunja kwa makusudi sheria ya jimbo kuhusu taarifa za jinai, likaamua kila mmoja wa watu wapatao 67,000 alipwe dola 1,000. Kinachonigusa katika shauri hilo ni kwamba huyu alikuwa amefuata kila hatua ambayo sheria ilimtaka afuate. Jaji alimpa amri. Kompyuta ya gereza haikusoma amri hiyo.

Na hata serikali ikisafisha kabati lake, makampuni ya kukagua historia za watu yanakuwa yamekwisha nakili. Sheria ya shirikisho ya 1970 inayaelekeza yahakikishe taarifa ni sahihi, lakini anayelipa gharama ya kukosea kwao ni yule aliyenyimwa kazi, ambaye huenda hata hakuambiwa sababu ya kweli.

Ndiyo maana mwaka 2018 Pennsylvania ikawa jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya kuficha kumbukumbu za jinai bila mtu kuomba. Kila mwezi kompyuta za mahakama hupitia majalada na kulinganisha na ya polisi wa jimbo. Kesi zilizofutwa au ambazo mshtakiwa aliachiwa huondolewa machoni pa umma, na makosa madogo hufuata baada ya miaka kadhaa bila kosa jipya. Mwaka 2020 sheria iliacha kuwasubirisha watu kwa sababu ya faini walizoshindwa kulipa, mradi fidia kwa aliyedhurika imelipwa. Mwaka 2023 muda ulipunguzwa, toka miaka 10 hadi 7 kwa makosa mengi madogo, na baadhi ya makosa makubwa ya dawa za kulevya yakaingizwa baada ya miaka 10. Polisi na waendesha mashtaka bado wanaona kila kitu.

Kwa nini bila kuomba? Jibu linatoka jimbo la Michigan. Watafiti J.J. Prescott na Sonja Starr walichunguza watu waliokuwa na haki ya kusafishiwa rekodi chini ya utaratibu wa zamani wa kuomba. Ni asilimia 6.5 tu waliokuwa wamefanikiwa ndani ya miaka 5 tangu wapate haki hiyo. Wengine walikwama kwenye fomu, alama za vidole, nauli, hofu ya kurudi mahakamani, au hawakujua kabisa kwamba haki hiyo ipo. Waliofanikiwa, mishahara yao ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya muda mfupi, na wachache sana walirudia uhalifu. Haki inayohitaji wakili ili uipate huwafikia wenye mawakili. Kwa hiyo naiunga mkono sheria hii ya Pennsylvania, na siiungi mkono nusunusu.

Lakini kambi ya uwazi ina majibu ambayo hayastahili kupuuzwa.

Jibu la kwanza linatoka kwa Sonja Starr huyohuyo, safari hii akiwa na Amanda Agan. Walituma maombi ya kazi ya kubuni takriban 15,000 kwa waajiri wa New Jersey na jiji la New York, kabla na baada ya sheria zilizowakataza waajiri kuuliza mapema kuhusu historia ya jinai. Kabla ya sheria, mwombaji mwenye jina la Kizungu alipigiwa simu kwa asilimia 7 zaidi ya mwombaji aliyefanana naye kwa kila kitu ila jina la Mmarekani mweusi. Baada ya sheria, pengo lilifika asilimia 43. Waajiri waliponyimwa taarifa ya mtu mmoja mmoja walianza kukisia kwa rangi. Kijana mweusi ambaye hajawahi kuingia kituo cha polisi akaadhibiwa kwa rekodi isiyokuwepo. Matokeo haya yananisumbua. Yanaonyesha kwamba kuficha peke yake, bila sheria za ubaguzi zinazotekelezwa kwa nguvu, kunaweza kuhamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine. Sioni kuwa yanaangusha sheria ya 2018, kwa kuwa kuzuia swali kwenye fomu ni jambo tofauti na kuondoa rekodi yenyewe baada ya miaka ya mwenendo mwema, lakini anayetetea kuficha anapaswa kuyabeba mezani bila kulazimishwa.

Jibu la pili ni la wachunguzi. Ukitaka kujua kama waendesha mashtaka wa kaunti fulani wanawashtaki watu ovyo, kesi zilizofutwa ndizo ushahidi wako. Ukiziondoa zote machoni pa umma, umemlinda aliyeshtakiwa bure na papo hapo umemlinda aliyemshtaki bure. Mwandishi wa habari anayetaka kuhesabu ni mara ngapi askari mmoja alileta mashtaka yasiyosimama anakuta majalada hayapo.

Jibu la tatu ni kaunti ya Luzerne, na hapa lazima nikae kidogo.

Sheria za watoto Pennsylvania, kama kwingine, hufunga milango ya mahakama ya watoto isipokuwa katika baadhi ya makosa mazito. Sababu ni njema na hakuna anayeipinga: mtoto wa miaka 13 asiandamwe maisha yake yote na ujinga wa siku moja. Nyuma ya milango hiyo, katika Luzerne, jaji Mark Ciavarella alikuwa akiwapeleka watoto vizuizini kwa makosa madogo sana. Binti mmoja alihukumiwa miezi 3 kwa kutengeneza ukurasa wa mtandaoni uliomdhihaki mwalimu mkuu msaidizi wa shule yake. Takriban nusu ya watoto walifika mbele ya jaji huyo bila wakili, kiwango kilichozidi mara nyingi wastani wa jimbo. Wakati huohuo, yeye na jaji mwenzake Michael Conahan walikuwa wamepokea dola milioni 2.8 kutoka kwa watu waliojenga na kumiliki vizuizi binafsi vya watoto. Conahan, akiwa jaji kiongozi wa kaunti, ndiye aliyekata fedha za kizuizi cha umma ili vile binafsi vibaki peke yake.

Mama wa binti yule alipiga simu kwa taasisi ya wanasheria wa watoto huko Philadelphia mwaka 2007. Wanasheria walipochimba, walipata takwimu za watoto waliofika bila wakili zikiwa zimekusanywa na tume ya jimbo yenyewe. Mwaka 2008 waliiomba Mahakama Kuu ya jimbo iingilie kati. Januari 2009 ikakataa. Wiki chache hazijapita, serikali ya shirikisho ikatangaza mashtaka dhidi ya majaji wale wawili, na Mahakama Kuu ikageuka na kulichukua shauri. Oktoba 2009 ilifuta hukumu za maelfu ya watoto. Ciavarella alifungwa miaka 28, Conahan miaka 17 na nusu. Mwaka 2022 jaji wa shirikisho aliamuru wawili hao wawalipe walioathirika zaidi ya dola milioni 200, fedha ambazo waathirika hawana matumaini makubwa ya kuziona. Desemba 2024 Rais Biden alipunguza adhabu ya Conahan, na familia za watoto wale zikaumia upya.

Kambi ya uwazi hulitumia shauri la Luzerne kama ushahidi kwamba siri huzaa ufisadi. Ni kweli, lakini ukweli wake una kipande cha pili. Ndani ya chumba kile kilichofungwa walikuwemo waendesha mashtaka, mawakili wa utetezi, maofisa wa uangalizi na makarani. Waliona. Wengi wao hawakusema. Mlango uliofungwa uliwazuia raia, lakini ukimya wa waliokuwemo ndani ulikuwa tatizo jingine ambalo mlango wazi peke yake usingelitibu. Na kilichowasaidia wanasheria kujenga hoja hakikuwa majina ya watoto. Zilikuwa hesabu: watoto wangapi, bila wakili, mbele ya jaji yupi. Hesabu hizo zingeweza kutangazwa kila mwaka kwa jina la jaji bila kumtaja mtoto hata mmoja.

Hapo ndipo ninaposimama. Luzerne na Bucks hazipingani. Katika Luzerne mwenye mamlaka alifichwa. Katika Bucks asiye na mamlaka alianikwa. Mtu anaweza kudai kwa pumzi moja mlango wazi, takwimu za kila jaji, nakala za maneno ya kizimbani zipatikane bila gharama, na pia adai kwamba utafutaji kwa jina la mshtakiwa uwe na mwisho. Kesi zilizofichwa zinaweza kubaki katika takwimu zikiwa zimeondolewa majina, na mtafiti au mwandishi anayehitaji zaidi akaomba kwa jaji kwa sababu anazozieleza. Hilo linajibu sehemu kubwa ya hofu ya wachunguzi, ingawa si yote: yule anayemfuatilia mtu mashuhuri aliyeponyoka kesi kadhaa kwa fedha atapata taabu zaidi, na hiyo ni hasara halisi.

Philadelphia inaonyesha jinsi mizani ilivyoelemea upande usiofaa. Mtu akikamatwa jijini humo, usiku au mchana, afisa wa mahakama humsikiliza kwa njia ya video kwa dakika chache na kumpangia dhamana. Dakika hizo huamua kama ataamkia kazini au rumande. Umma unaruhusiwa kuhudhuria na kuandika kwa mkono, lakini mahakama haikuwa ikitoa nakala ya maneno wala sauti, na kanuni zinakataza mhudhuriaji kurekodi. Shirika lililokuwa likiwalipia watu dhamana lilishtaki mwaka 2019 likitaka liruhusiwe kurekodi sauti. Lilishinda mahakama ya kwanza mwaka 2020, kisha 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaligeuza: katiba inampa mwananchi haki ya kuwepo na kuandika, haimpi haki ya kinasa sauti.

Hoja ya upande wa mahakama si ya kubezwa. Mtu aliyekamatwa saa chache zilizopita anaweza kuropoka jambo litakalomtia hatiani, na sauti hiyo ikasambaa kabla hata hajaonana na wakili wake ana kwa ana. Lakini angalia matokeo. Jina la mtu huyo, mashtaka na kiasi cha dhamana vinapanda mtandaoni. Maneno ya aliyeamua dhamana yanapotea hewani. Kama kweli anayelindwa ni mshtakiwa, ulinzi huo umeanzia mahali pa ajabu.

Kuna sababu ya kisheria ya kukosekana kwa maandishi katika ngazi za chini: ukikata rufaa kutoka kwa hakimu wa wilaya, mahakama ya kaunti husikiliza shauri upya tangu mwanzo, hivyo inaonekana hakuna haja ya kumbukumbu ya yaliyosemwa. Kwa msomaji wa Tanzania, ambako hata hakimu wa mahakama ya mwanzo huandika mwenendo wa shauri na mrufani huomba nakala yake, hili linashangaza. Tanzania na Kenya zimejenga mazoea karibu kinyume: kinachowekwa mtandaoni, kupitia tovuti za TanzLII na Kenya Law, ni hasa hukumu zenyewe za mahakama za juu, na sababu za jaji zikiwa zimeandikwa aya kwa aya. Majina nayo yamo, na tatizo la majina linakuja huku pia. Lakini angalau anayesoma anakutana kwanza na fikra za mwamuzi. Kusikiliza upya nako kunamsaidia tu anayekata rufaa, na mpangaji aliyeamriwa kuhama ana siku 10 tu za kufanya hivyo.

Wapo wasomaji ambao jambo hili ni la nyumbani kwao. Lancaster, Erie na Pittsburgh zimepokea familia nyingi kutoka Kongo, nyingi zikizungumza Kiswahili, na kwao sheria ya kuficha rekodi ina mtego. Mahakama za uhamiaji si mahakama za jimbo, wala hata si sehemu ya mhimili wa mahakama. Ziko chini ya wizara ya sheria ya shirikisho. Kwa uhamiaji, hatia iliyofichwa au kufutwa na jimbo kwa huruma au kwa kupita muda kwa kawaida bado ni hatia. Fomu ya kuomba uraia inamtaka mwombaji ataje hata kesi zilizofichwa na zilizofutwa, na huenda akatakiwa alete nakala iliyothibitishwa na mahakama inayoonyesha shauri lilikwishaje. Sasa, kama kumbukumbu imefutwa kabisa, karani hana cha kunakili. Mtu aliyefutiwa mashtaka akiwa hana hatia yoyote anaweza kushindwa kuthibitisha kwamba hana hatia. Kwa hiyo wanasheria wa wahamiaji huwahimiza wateja wao wachukue nakala zilizothibitishwa, zaidi ya moja, kabla amri ya kufuta haijatekelezwa, na waonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuiomba. Neno hili halitafsiriwi mara kwa mara kwa Kiswahili pale dirishani kwa karani, na familia zimeachwa ziligundue zenyewe.

Katika mambo yote haya, pengo ninaloona baya zaidi ni la nyumba. Sheria ya 2018 na nyongeza zake za 2020 na 2023 ziliandikwa kwa ajili ya jinai. Mwenye nyumba akifungua kesi ya kumtoa mpangaji, jina la mpangaji linaingia kwenye tovuti siku hiyo, kabla hakimu hajasikia neno lolote. Mpangaji akishinda, jina linabaki. Kesi ikiondolewa kwa sababu kodi ilikuwa imelipwa tayari, jina linabaki. Mwenye nyumba wa pili, akipitia majina ya waombaji jioni, anaona tu kwamba huyu aliwahi kushtakiwa kwa kodi, anachukua anayefuata. Jiji la Philadelphia liliweka mwaka 2021 masharti yanayowabana wenye nyumba wanaomkataa mpangaji kwa rekodi za zamani, na hatua hiyo inasaidia ndani ya mipaka ya jiji. Nje ya jiji, mwizi wa duka aliyetubu anasafishiwa jina na kompyuta bila kuomba, na mama aliyeshinda kesi ya nyumba yake hana dirisha la kwenda kugonga. Wanaotetea hali hii husema kesi za madai ni ugomvi wa raia kwa raia na hazina unyanyapaa wa jinai. Waulizwe wanaotafuta vyumba viwili huko Erie kila mwisho wa mwezi.